Choo kisichopitika hufukuza wateja

Mfanyabiashara anayejenga hoteli, mgahawa, duka kubwa au kituo cha mafuta hupiga hesabu ya kila kitu kabla ya kuita mafundi. Hujua atanunua mifuko mingapi ya saruji, meza ngapi zitaingia ukumbini na jokofu litakaa upande gani. Choo hufikiriwa mwisho, na mara nyingi hupewa pembe iliyobaki: nyuma ya jiko, chini ya ngazi, au juu ya vipandio vitatu kwa sababu fundi bomba alitaka maji machafu yapate mteremko. Kwa mteja anayetembea kwa miguu yake miwili huo ni usumbufu mdogo. Kwa mteja anayetumia kiti cha magurudumu, magongo au fimbo nyeupe, pembe hiyo ndiyo inayoamua kama atakaa saa mbili na kuagiza chakula, au atakunywa nusu soda na kuondoka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika taarifa yake ya mwaka 2022 lilikadiria kuwa watu bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu wa kiwango kikubwa. Hiyo ni asilimia 16 ya watu wote duniani, sawa na mtu 1 kati ya 6. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 918,270 wa umri wa miaka 5 na zaidi, yaani asilimia 2.2. Tofauti hiyo inatokana na namna ya kuuliza: sensa ile iliwahesabu wale tu waliosema wana shida kubwa au hawawezi kabisa kuona, kusikia, kutembea na mengineyo. Wazee wanaotembea kwa kushika ukuta, mama mjamzito wa miezi ya mwisho, na mtu aliyevunjika mguu wiki iliyopita hawamo katika hesabu ya namna hiyo, lakini nao huhitaji choo kile kile.

MTEJA ANAYEJINYIMA MAJI

Watu wenye ulemavu wa viungo wana desturi moja ambayo wenye hoteli wengi hawaijui. Mtu akifahamu kwamba aendako hakuna choo atakachoweza kuingia, huanza kujinyima maji tangu asubuhi. Hanywi chai, hanywi soda, na akifika mjini hufanya shughuli moja tu kisha hurudi nyumbani haraka. Madaktari huonya kuwa desturi hiyo ni ya hatari, hasa kwa aliyeumia uti wa mgongo. Mkojo unaokaa muda mrefu huleta maambukizi na mawe, na maambukizi hayo yakipanda juu huharibu figo. Muuzaji anapoteza mauzo ya siku. Mteja anaweza kupoteza afya yake.

Anayelazimika kuingia katika choo kisichomfaa hukutana na jambo jingine. Kiti chake hubaki nje kwa kuwa mlango ni mwembamba, naye hushuka chini na kutambaa kwa mikono juu ya sakafu iliyolowa. Mikono ile ile ndiyo inayosukuma magurudumu, na ndiyo atakayolia chakula akirudi mezani. Mtu aliyepitia hali hiyo mara moja harudi tena mahali hapo, na hana haja ya kulalamika kwa meneja. Hachagui tena mgahawa huo, basi.

Hapa ndipo hesabu ya biashara inapobadilika. Ni nadra mtu kwenda kula peke yake. Familia ya watu 5 ikiwa na baba mzee anayetumia kiti cha magurudumu, mahali pa kula patachaguliwa kwa kumtazama yeye. Choo kisichopitika hapo hakikupoteza sahani 1, kimepoteza sahani 5. Hali kadhalika kwa kumbi za harusi, semina na mikutano: mwandaaji akiwa na wageni 200 na mmoja wao hawezi kuingia chooni, ukumbi wa jirani ndio unaopata kazi yote.

ILIKOANZIA

Vipimo vinavyotumika leo katika nchi nyingi havikutungwa ofisini. Nchini Marekani, kiwango cha kwanza cha majengo yanayofikika, kiitwacho A117.1, kilitolewa mwaka 1961 baada ya utafiti uliosimamiwa na Timothy Nugent katika Chuo Kikuu cha Illinois, ambako wanafunzi wengi walikuwa wakitumia viti vya magurudumu. Kiwango hicho kilikuwa kijitabu cha kurasa chache tu, na kwa miaka mingi kilifuatwa kwa hiari.

Nchini Uingereza, msanifu majengo Selwyn Goldsmith, ambaye mwenyewe aliugua polio akiwa kijana, alichapisha mwaka 1963 kitabu cha mwongozo wa majengo kwa watu wenye ulemavu. Baadaye alikwenda katika mji wa Norwich na kuwahoji zaidi ya watu 200 wanaotumia viti vya magurudumu kuhusu maisha yao ya kila siku mjini. Malalamiko yaliyojitokeza zaidi yalihusu vyoo vya umma. Jambo jingine lililobainika ni kwamba wengi wao walisaidiwa na mume, mke au mtoto wa jinsia tofauti, hivyo choo kilichomo ndani ya sehemu ya wanaume au ya wanawake hakikuwafaa. Kutokana na hali hiyo yalianza matumizi ya chumba kimoja chenye mlango wake, kinachotumiwa na wote.

Mwaka 1970 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoletwa na mbunge Alf Morris, iliyowataka wenye majengo ya umma, vikiwemo vyoo, kuweka huduma kwa watu wenye ulemavu pale inapowezekana. Maneno hayo "pale inapowezekana" yaliwapa wengi nafasi ya kukwepa. Sheria yenye meno zaidi ilikuja mwaka 1995, na kuanzia Oktoba 1, 2004 watoa huduma wote, hata mwenye duka dogo, walitakiwa kufanya marekebisho ya majengo yaliyo ya kadiri ya uwezo wao. Tangu 2010 wajibu huo umo katika Sheria ya Usawa.

Marekani ilichukua hatua kubwa Julai 26, 1990, Rais George H. W. Bush alipotia saini sheria ijulikanayo kwa kifupi kama ADA. Miezi michache kabla ya hapo, Machi 12, waandamanaji kadhaa waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge mjini Washington na kuzipanda kwa kutambaa, ili wabunge waone kwa macho yao maana ya jengo lisilofikika.

VIPIMO VYENYEWE

Kipimo cha kwanza ni cha mlango. Viwango vya Marekani vinataka nafasi wazi isiyopungua sentimita 81.5 mlango ukiwa umefunguliwa, na vya Uingereza kwa jengo jipya ni sentimita 80. Mnunuzi wa milango awe mwangalifu hapa. Nafasi hupimwa kuanzia uso wa ubao wa mlango uliofunguliwa hadi upande wa pili wa fremu, kwa hiyo mlango wenye ubao wa sentimita 80 hauachi nafasi ya sentimita 80.

Kipimo cha pili ni cha kugeuka. Kiti cha magurudumu huhitaji duara la mita 1.525 ili kigeuke bila kugonga ukuta. Chumba kinachopendekezwa Uingereza kina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.2, yaani mita za mraba 3.3. Chumba cha kawaida cha sentimita 90 kwa 150 kinachukua mita za mraba 1.35. Tofauti yake ni chini ya mita 2 za mraba. Hilo ni eneo ambalo haliwezi hata kukaa meza ya watu wanne na viti vyake.

Kipimo cha tatu ni urefu wa kiti cha choo. Vyoo vingi vya kukaa ni vifupi, na mtu asiye na nguvu za magoti akikaa hawezi kunyanyuka. Marekani inataka kiti kiwe kati ya sentimita 43 na 48.5 kutoka sakafuni, na Uingereza inataka sentimita 48. Urefu huo unakaribiana na wa kiti cha magurudumu, hivyo mtu huhama kwa kujisogeza pembeni bila kujirusha juu au kuporomoka chini.

Baada ya hapo ni vyuma vya kushikia. Kwa kipimo cha Marekani huwekwa kati ya sentimita 84 na 91.5 kutoka sakafuni; cha pembeni kisipungue urefu wa mita 1.065, na cha nyuma sentimita 91.5. Chuma kihimili uzito wa kilo 113 bila kuzunguka wala kung'oka. Beseni la kunawia lisizidi urefu wa sentimita 86.5, na chini yake pawe wazi ili magoti yapite. Bomba la maji ya moto lililo chini ya beseni hufunikwa, kwa sababu mtu asiye na hisia miguuni anaweza kuungua bila kujua.

Mlango ufunguke kwa nje. Sababu yake ni rahisi: mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake unauzuia na hakuna atakayeweza kuingia kumwokoa. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kwa nje wakati wa dharura. Uingereza huongeza kamba nyekundu ya kuitia msaada, yenye pete mbili: moja kati ya sentimita 80 na 100 kutoka sakafuni, na nyingine sentimita 10 tu kutoka sakafuni, ili aliyeanguka aifikie akiwa amelala. Wasafishaji wengi huifunga kamba hiyo juu ili isiwasumbue wakati wa kupiga deki. Kamba iliyofungwa juu haina kazi tena.

Njia ya kufika chooni ni sehemu ya choo. Mteremko unaokubalika ni wa 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kupanda huhitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Kipandio kimoja cha sentimita 15 huhitaji mteremko wa mita 1.8. Vipandio viwili vya namna hiyo huhitaji mita 3.6. Wenye majengo wengi humwaga zege fupi lenye mwinuko mkali, na mtumiaji wa kiti hupinduka nalo kinyumenyume.

JENGO LA ZAMANI

Swali ambalo kila mfanyabiashara huuliza ni kuhusu jengo lililokwisha simama. Sheria ya Marekani inatoa mfano unaoeleweka. Jengo jipya lazima lifuate vipimo vyote. Jengo la zamani hutakiwa kuondoa vikwazo vinavyoweza kuondolewa bila ugumu wala gharama kubwa, kwa kuzingatia uwezo wa biashara yenyewe. Kanuni zake zimepanga hatua nne: kwanza mlango wa kuingilia kutoka barabarani, pili mahali bidhaa na huduma zilipo, tatu vyoo, na nne vikwazo vingine vyote.

Orodha ya marekebisho madogo iliyomo katika kanuni hizo inaonyesha kuwa kazi kubwa haihitajiki kila mara. Imo kubadili bawaba ili mlango usogee nje ya njia na kuongeza nafasi, kufunga vyuma vya kushikia, kupanga upya vizuizi vya vyumba vya choo ili kuongeza nafasi ya kugeuka, kuinua kiti cha choo, kuweka kioo cha urefu mzima na kuhamisha kishikio cha karatasi. Kazi za namna hiyo huchukua fundi mmoja siku chache.

Mwenye jengo akiamua kulikarabati kwa hiari yake, kanuni humtaka atengeneze pia njia ya kufikia sehemu iliyokarabatiwa, vikiwemo vyoo vinavyoihudumia, mpaka gharama ya nyongeza ifike asilimia 20 ya gharama ya ukarabati. Anayetumia dola 50,000 kukarabati ukumbi hatarajiwi kuzidisha dola 10,000 kwa njia na choo.

NANI ANALIPA

Serikali ya Marekani hurudisha sehemu ya gharama kwa biashara ndogo. Biashara yenye mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka uliotangulia, au yenye wafanyakazi wa kudumu wasiozidi 30, hupata punguzo la kodi la nusu ya matumizi yaliyo kati ya dola 250 na 10,250. Kwa mfano, aliyetumia dola 6,250 huondoa kwanza dola 250, hubaki 6,000, na nusu yake, dola 3,000, hukatwa moja kwa moja kwenye kodi anayodaiwa. Kiwango cha juu ni dola 5,000 kwa mwaka. Mbali na hilo, biashara ya ukubwa wowote inaweza kuhesabu hadi dola 15,000 kwa mwaka za kuondoa vikwazo kuwa ni matumizi yanayopunguza faida inayotozwa kodi. Punguzo la kwanza halitolewi kwa jengo jipya, kwa sababu jengo jipya lilipaswa kujengwa sawasawa tangu mwanzo.

Upande wa pili wa sheria ni mahakama. Mteja aliyezuiwa anaweza kushtaki ili mahakama iamuru marekebisho na mshtakiwa alipe gharama za wakili. Katika jimbo la California, sheria ya jimbo inayoitwa Unruh inaongeza fidia isiyopungua dola 4,000 kwa kila kosa. Wenye maduka madogo wamelalamika kwamba baadhi ya mawakili huzunguka na futi ya kupimia, wakifungua kesi nyingi kwa makosa ya sentimita chache. Watetezi wa watu wenye ulemavu hujibu kuwa sheria imekuwepo tangu 1990, na kwamba bila kesi wengi wasingehamisha hata kishikio cha karatasi. Pande zote mbili hukubaliana katika jambo moja: kurekebisha kabla ya kushtakiwa ni rahisi kuliko baada.

UFUNGUO NA UANGALIZI

Kujenga ni nusu ya kazi. Vyoo vingi vilivyojengwa vizuri hugeuka haraka kuwa stoo ya mafagio, kreti tupu na viti vilivyovunjika, kwa kuwa meneja huona nafasi kubwa isiyotumika. Vingine hufungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo huwa amekwenda kula.

Uingereza ilijaribu kutatua tatizo la uharibifu kwa ufunguo mmoja. Mwaka 1981 shirika la RADAR lilianzisha mpango wa taifa ambapo mtu mwenye ulemavu hupata ufunguo unaofungua vyoo vya aina hiyo nchini kote, na leo vimefikia maelfu. Ujerumani ilifuata mwaka 1986 kwa ufunguo unaoitwa Euroschlüssel, ambao sasa hutumika katika nchi kadhaa za Ulaya. Faida yake ni kwamba mteja haombi ruhusa kwa mtu. Hasara yake ni kwamba mgeni asiye na ufunguo hubaki nje.

Kuna pia watu ambao hata choo cha mita za mraba 3.3 hakiwatoshi. Hao ni watu wazima wanaovishwa nepi na kubebwa na wasaidizi. Kabla ya mwaka 2006, familia nyingi Uingereza ziliwabadilisha nepi ndugu zao wakiwa wamelala juu ya sakafu ya choo cha umma. Mwaka huo ilianza kampeni ya Changing Places, inayotaka chumba cha mita za mraba 12 chenye kitanda cha mtu mzima kinachopanda na kushuka, na winchi ya kumnyanyulia. Tangu Januari 1, 2021, kanuni za ujenzi za England zinataka chumba hicho katika baadhi ya majengo makubwa mapya ya umma, na Serikali ilitenga pauni milioni 30 kusaidia kuvijenga katika majengo yaliyopo.

HALI YA AFRIKA MASHARIKI

Sheria hazikosekani katika ukanda huu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na Uganda ilipata sheria mpya ya mwaka 2020. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha, ikalipa Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu uwezo wa kutoa amri ya marekebisho, na ikamruhusu mwajiri binafsi aliyerekebisha jengo kwa ajili ya wafanyakazi wenye ulemavu kuomba nyongeza ya punguzo la mapato yanayotozwa kodi, sawa na asilimia 50 ya gharama. Sheria hiyo ilibadilishwa na mpya mwaka 2025.

Hata hivyo, vipimo vya London au Chicago havitoshi peke yake hapa. Choo cha kuchuchumaa, ambacho ni cha kawaida katika stendi, masoko na misikiti, hakitumiki na mtu aliyekatwa mguu au mwenye magoti magumu. Pale penye matundu manne ya kuchuchumaa, moja likigeuzwa kuwa la kukaa, wateja wa kawaida hawapungukiwi.

Suala la maji ni kubwa zaidi. Wateja wengi hutawadha au kujisafisha kwa maji, na bomba likikauka huwekwa ndoo na kopo sakafuni. Mtu aliyekaa juu ya choo cha sentimita 48 hawezi kuinama mpaka kwenye ndoo hiyo bila kuanguka. Ndoo ikiwekwa juu ya kistuli imara kando ya choo, au tangi dogo likifungwa ukutani na koki yake ikafikika kwa mkono, tatizo limekwisha. Sakafu nayo isiwe ya vigae vinavyoteleza, kwa kuwa mpira wa gongo juu ya kigae kilicholowa ni kama sabuni.

Biashara ya vyoo vya kulipia imeonyesha kuwa fedha zipo. Mjini Nairobi, mradi wa Ikotoilet wa msanifu majengo David Kuria na kampuni yake ya Ecotact ulithibitisha kuwa choo safi kinachotozwa shilingi chache huvuta watu, huku nafasi ya pembeni ikikodishwa kwa wang'arisha viatu na wauza vinywaji. Anayesimamia choo cha kulipia chenye kizingiti kirefu na mlango mwembamba anawarudisha watu waliokuja na fedha mkononi.

Wenye hoteli za Mombasa, Zanzibar na Arusha wana sababu ya ziada. Mgeni anayetoka Marekani au Uingereza amezoea kuuliza kuhusu choo kabla ya kulipa, na wakala wake wa safari huuliza vipimo. Hoteli inayojibu "tunacho" bila sentimita hupoteza nafasi kwa ile iliyopima na kupiga picha.

VIFAA MADUKANI

Fundi wa kawaida anaweza kutengeneza sehemu kubwa ya vifaa hivi. Chuma cha kushikia kinatakiwa kiwe na unene wa milimita 32 hadi 51 kwa nje. Bomba la chuma la inchi 1 lina karibu milimita 33 kwa nje, la inchi 1¼ lina 42, na la inchi 1½ lina 48, yote yanafaa. La inchi 2 lina 60 na halishikiki vizuri. Pengo kati ya chuma na ukuta ni milimita 38: likiwa dogo vidole havipiti, likiwa kubwa mkono mzima hupita na kukwama. Chuma kifungwe kwa boliti zilizoingia kwenye tofali imara au zege. Kishikio cha taulo hakiwezi kuchukua nafasi yake, kwani hung'oka siku ya kwanza kinapobeba uzito wa mtu.

Choo kifupi kinaweza kuinuliwa kwa kumwaga kitako cha zege chini yake, mradi kitako hicho kisitokeze mbele na kuzuia miguu au vikanyagio vya kiti. Koki ya mkono mrefu ni bora kuliko ya kuzungusha, na kitasa cha kubonyeza chini ni bora kuliko cha duara, kwa kuwa mtu asiye na nguvu za vidole hutumia kiwiko. Kwa asiyeona vizuri, rangi husaidia bila gharama ya ziada: mlango wa rangi tofauti na ukuta, na chuma cheusi juu ya kigae cheupe. Kibao cha alama ya kiti cha magurudumu, iliyochorwa na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed, mwaka 1968, kieleweke kuwa ni ahadi. Kikibandikwa kwenye mlango wa sentimita 65, kinampotezea mteja muda na nguvu.

KABLA YA KUITA MAFUNDI

Mfanyabiashara anayetaka kujua hali ya choo chake anaweza kuanza kwa futi ya kupimia na kiti cha magurudumu cha kuazima. Viti hivyo hutengenezwa hapa hapa katika ukanda huu, vikiwemo vya karakana za chama cha APDK nchini Kenya. Meneja akae juu ya kiti hicho, atoke barabarani, aende mpaka chooni, afunge mlango, ahamie kwenye choo, anawe mikono na kurudi mezani, bila kusimama na bila kusaidiwa. Kila mahali atakapokwama paandikwe.

Orodha hiyo ipangwe kwa gharama. Vitu vya kutoa fagio na kreti, kushusha kioo na kuhamisha ndoo vifanyike siku hiyo hiyo. Vyuma, bawaba na koki vifuate mwezi ujao. Mlango na mteremko visubiri ukarabati, lakini viingizwe kwenye ramani kabla fundi hajaanza, kwa sababu kupanua mlango kwenye karatasi ni kazi ya kifutio, na kuupanua ukutani ni kazi ya nyundo, saruji, rangi na siku kadhaa za kufunga biashara. Kabla ya kubandika kibao, mteja mmoja anayetumia kiti cha magurudumu aombwe akijaribu choo na kusema alichoona, naye alipwe kwa muda wake kama analipwavyo mtaalamu mwingine yeyote.